Katuni za marudio na mkalimani wetu wa Kikwajuni

Juzi usiku mtoto wangu wa kike, ana miaka sita, kaning'ang'ania simu anataka katuni na mie nishachoka na zile anazoangalia yeye zinazopiga kelele toka mwanzo mpaka mwisho, nikasema ngoja leo nikuoneshe zetu sisi. Nikaingia YouTube nikampata Fred Flintstone na gari yake ya mawe anayoiendesha kwa miguu. Mie nishaanza kucheka hata hajafanya kitu, mwenzangu kimya. Dakika ya tatu hivi akaniuliza, "Baba, hao watu wanaocheka wako wapi, mbona siwaoni?"

Sasa suali hilo mie nilishawahi kuliuliza na nilishajibiwa, yani miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na jibu nililopewa ni kuwa wale ni watoto waliokosa nafasi ndani wakabaki dirishani. Na nikaamini! Kwasababu kweli dirisha la Bi Mkubwa, jirani yetu tuliyekuwa tukenda kuangalia TV kwake, lilikuwa limejaa watoto waliokosa nafasi, na wao ndio waliokuwa wakicheka kwa sauti kuliko sisi tuliokaa ndani kwenye mkeka. Kwa hivyo kwangu mie ilikuwa wazi kabisa, hata kwa akina Fred kuna watoto dirishani.

Aliyenijibu ni mjukuu wa Bi Mkubwa, kanipita miaka minne au mitano, na mtaa mzima tulikuwa tunamuita Mkalimani.

Mie nimezaliwa Kikwajuni, kwenye yale majumba waliyojenga Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi, kabla hayajaja yale marefu ya Michenzani. Kwa TV sisi Wazanzibari tulikuwa hatusemezeki, TVZ imeanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na tena ya rangi, wenzetu wa Bara wamesubiri mpaka miaka ya 1990 ndio wakapata yao, na hilo wazee wetu hawaachi kulitaja mpaka leo ukiwapa nafasi. Lakini kwa mtoto ile rangi haikuwa na faida kubwa kwasababu TV ilikuwa inafunguliwa jioni, inataka kuonesha habari, taarabu, hotuba, na katuni unaipata kwa bahati kama unavyookota shilingi njiani. Basi ilipokuja kebo mwishoni mwa miaka ya 1990, waya mweusi unapita juu ya mapaa na kwenye madirisha kama kamba za kuanikia nguo, ilikuwa kama tumefunguliwa mlango wa nyumba nyengine kabisa.

Kwetu hatukuwa nayo. Kwa Bi Mkubwa ilikuwepo, mwanawe alikuwa Muscat na yeye ndiye aliyekuwa akilipa. Bi Mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akipika mkate wa kumimina na vitumbua vya kuuza, na vitu hivyo vinakula nazi nyingi, kwa hivyo tikiti ya kuingia ndani ilikuwa kukuna nazi. Nazi moja watoto wawili. Unakaa kwenye mbuzi unakuna mpaka kifuu kiwe cheupe, yeye anakuja anakitazama kama daktari, akiona umebakisha nyama anakurudishia. Ukimaliza unaosha miguu unaingia. Asiyekuna yuko dirishani. Mpaka leo nikisikia sauti ya mbuzi ya nazi nasikia na ule muziki wa Tom na Jerry kwa nyuma, wallahi, vimeshikana kichwani havitoki.

Tulikuwa tunaangalia Cartoon Network. Wakati ule ilikuwa inagawana chaneli na TNT, yani mchana kutwa katuni halafu ikifika usiku katuni zinakatika pale pale na kuanza filamu za zamani za Hollywood, mzungu kavaa kofia anavuta sigara, hamna rangi. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kwenda kulala, hatukuhitaji saa ya ukutani. Na mchana nafasi yetu ilikuwa kati ya skuli na chuo cha Kurani, kama saa moja tu na nusu hivi, unarudi skuli unatupa mkoba unakuna nazi unaangalia kidogo unakimbilia chuoni na mikono bado ina mafuta ya nazi, maalim akishika msahafu wako anajua ulipotoka.

Na takriban zote zilikuwa marudio. Sisi hatukujua. Yani nimekuja kujua ukubwani kuwa karibu kila tulichokuwa tunaangalia kilikuwa kimetengenezwa kabla wazazi wetu hawajaoana. Tom na Jerry wa mwanzo ni wa 1940! Flintstones 1960. Scooby-Doo 1969. Yule Ted Turner mwenye CNN alinunua kampuni ya Hanna-Barbera 1991 na katuni zake zote, mwaka uliofuata akafungua Cartoon Network, sasa una ghala zima la katuni umeshalinunua utafanya nini, unazirudia asubuhi na mchana. Sisi Kikwajuni tunadhani ni mambo mapya yametoka jana Marekani.

Kilichoniuma zaidi ni Jetsons. Wale wanaokaa angani na gari za kuruka na yule mtumishi wa roboti. Mie nilikuwa nikiambiwa nikadirie ningesema ziko mia mbili. Kumbe zile za mwanzo, za 1962 na 1963, ni ishirini na nne tu. 24! Wamezirudia zile zile miaka na miaka mpaka walipoongeza nyengine miaka ya 1980. Na yale mashindano ya magari, Wacky Races, ni 17 peke yake, kila moja ina mashindano mawili. Nilipoisoma hiyo nikakaa kimya kidogo kwasababu mashindano hayo ndiyo yalinitajirisha utotoni.

Ilikuwa hivi, tulikuwa tunawekeana gololi. Kila mmoja anachagua gari yake, kuna gari ya mawe ya wale wawili wenye nywele mpaka miguuni, kuna gari ya majini ndio jina letu, ile yenye mnara na joka ndani, kuna ya yule dada wa pinki Penelope Pitstop, na hakuna aliyekuwa akimchukua Dick Dastardly na mbwa wake Muttley kwasababu ilikuwa inajulikana hawashindi. Mie sikuwa hodari wa mpira wala wa mbio lakini kichwa changu kilikuwa kinashika. Nikagundua kuwa ukiona wanaanza kwenye theluji na fulani kaanza nyuma basi mshindi ni fulani, nishaiona wiki iliyopita. Sikusema neno. Nilikula gololi za watu mwezi mzima, nina kopo la maziwa limejaa, mpaka siku moja nikajisahau nikashangilia kabla gari haijafika kwenye mstari. Walinikamata pale pale, kopo likagawiwa na Bi Mkubwa akanitia dirishani siku tatu bila ya kukubali nazi yangu. Haki yao.

Turudi kwa Mkalimani. Katuni zote hizo zilikuwa kwa Kiingereza na sisi Kiingereza chetu kilikuwa cha skuli, gud moning titcha basi. Yeye alikuwa anasema anakijua kwasababu ami yake yuko Muscat, hoja ambayo ukiifikiria haina kichwa wala miguu lakini hatukuifikiria. Akawa anakaa kwenye kigoda karibu na TV, mgongo kwa ukuta, anatafsiri maneno yote, na sauti anabadilisha, Wilma mke wa Fred ana sauti yake na Barney jirani yao ana yake, na katikati anatukana kidogo akijua Bi Mkubwa yuko jikoni.

Na alikuwa hajui Kiingereza hata kidogo.

Hilo tumekuja kulijua baadae sana. Alichokuwa akifanya ni kutazama nyuso, akasikiliza sauti imepanda au imeshuka, akatunga. Na alikuwa akitunga Kikwajuni. Fred anafanya kazi machimbo ya mawe, sawa, hiyo inaonekana, lakini kwa Mkalimani tajiri wake hajamlipa tokea mwezi wa Shaabani na sikukuu inakuja. Barney anakuja kukopa sukari. Wilma na Betty, mke wa Barney, wanazungumza ukutani, wanamsema mwanamke wa nyumba ya tatu kuwa kanunua kanga mpya na mumewe hana kazi. Kwenye Road Runner yule mbweha anaagizia vitu vyake vya Acme, kila sanduku limeandikwa Acme, Mkalimani akatwambia Acme ni duka liko Dubai na ndio maana vitu vyake vinaharibika siku ya kwanza, feki vile. Tulikuwa tunaitikia kwa vichwa kama wazee barazani kwasababu kila nyumba ilikuwa na pasi au redio ya Dubai iliyokufa siku ya kwanza.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ule mwisho wa Flintstones. Kama unakumbuka, usiku Fred anamtoa nje yule paka wao mkubwa, paka anarudi kwa dirishani anamtoa Fred yeye, mlango unafungwa na Fred anabaki nje anagonga na kupiga makelele "Wilmaaa!" Kwetu sisi haikuwa habari ya paka. Kwetu Fred kafungiwa mlango na mkewe kwasababu asubuhi katoka hakuacha pesa ya sokoni. Kila siku! Na kila siku tunasema jamani mwanamme huyu hajifunzi. Kuna mama mmoja jirani alikuwa akipita na ndoo ya maji akisikia "Wilmaaa" anasimama pale mlangoni anasema "mwache alale hapo hapo", anaendelea na safari yake.

Nilipofika sekondari na Kiingereza kikaanza kuingia, siku moja nikaiangalia nikasikia kweli wanachosema. Sikwambii nilivyosikitika. Utani wenyewe wa kawaida, mambo ya mchezo wa bowling na klabu yao wanayovaa kofia zenye pembe, na wale watu wanacheka hata pasipochekesha. Nilikaa nikaona nimedhulumiwa, siyo na Mkalimani, na wenye katuni. Nikamfuata nikamwambia wewe ulikuwa unatudanganya. Hata hakushituka. Akanambia, "Mie nimekwambia wanachosema, sasa kama wao wamesema chengine mie nifanyeje?"

Tom na Jerry yeye alikuwa haipendi. Ndio, ile tunayoipenda sote. Kwasababu hamna maneno mle, hana kazi. Akawa anakasirika anatoka kwenda kununua ubuyu. Na mie kwenye Tom na Jerry nilijifunza kitu chengine bila ya mwalimu, kwa adhana. Ikianza adhana Bi Mkubwa anashusha sauti ya TV mpaka sifuri na sote kimya, picha zinaendelea wenyewe. Sasa unamuona Tom ananyata kwenye ngazi na hamna ile filimbi inayonyata naye, anapigwa na kikaango na hamna ile sauti ya kikaango, na unaona kabisa mchezo umepungua nusu. Muziki ndio uliokuwa ukizungumza. Mtu mwenyewe aliyekuwa akiutunga ule wa zamani ni Scott Bradley, okestra nzima inafuata nyayo za paka. Na zile kelele za Tom akibanwa mkia, zile "aaaauuu", nyingi ni William Hanna mwenyewe, mmoja katika wale wawili waliomtengeneza Tom, mwenzake ni Joseph Barbera. Walipata Oscar saba kwa paka na panya. Saba!

Halafu ukichukua Flintstones au Yogi yule dubu au Scooby ni kinyume chake, hata ukifumba macho unafuata habari kama redio, Chuck Jones, yule wa Road Runner, alikuwa akizisema katuni za namna hiyo kuwa ni redio iliyotiwa picha na alikuwa hazisifu. Sababu ni pesa. MGM, kampuni ya filamu walikotengenezea Tom na Jerry, ilifunga idara yake ya katuni 1957, Hanna na Barbera wakahamia kwenye televisheni ambako fedha ni kidogo na muda hamna, wakapunguza michoro. Ndio maana Yogi kavaa kola na tai bila ya shati, ni ili kiwiliwili kikae kimoja wachore kichwa tu kinachosema. Na ndio maana Fred akikimbia ndani ya nyumba anapita dirisha lile lile na meza ile ile mara kumi. Sisi tuliliona hilo zamani, Mkalimani alisema Fred ana nyumba kubwa sana, ana madirisha sawasawa kama majumba yetu.

Kwenye Scooby-Doo tulikuwa na mjadala mzito. Wenye umri wangu Unguja na Pemba mnaikumbuka 1995, mwaka wa Popobawa, lile jini la usiku, ilianzia Pemba ikaja kwetu, watu wanalala nje familia kwa familia wamewasha moto, hakuna anayetaka kulala ndani peke yake. Nilikuwa mdogo lakini ile hofu ya watu wazima naikumbuka, unamuona baba yako anaogopa na wewe ushike wapi. Sasa miaka michache baadae unakaa kwa Bi Mkubwa unaangalia wale vijana wanne na mbwa wao, wanakimbizwa na jini nusu saa, mwisho wanamkamata wanamvua uso, kumbe ni mlinzi wa pahala anataka kuwafukuza watu achukue mali. Kila mara. Sisi tukawa tunatazamana. Mmoja akauliza, je na yule wetu? Bi Mkubwa aliisikia, alikuwa anapita na sinia ya vitumbua, akasema "Wazungu wana bahati, majini yao yanavuliwa," akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Na kuna kimoja sitaki kukipita. Kwenye Tom na Jerry za zamani kuna yule mama anayeonekana miguu tu, soksi na viatu vya ndani, anamkimbiza Tom na ufagio. Sisi tulikuwa tunamuita Bi Malapa na tulikuwa tunampenda kuliko wote, tunamuona kama bibi zetu, sauti tu na miguu na ufagio, ukimsikia anakuja unakimbia. Nimekuja kusoma ukubwani kuwa yule kachorwa kwa dharau ya wakati ule Marekani kwa wanawake weusi watumishi wa nyumbani, na sauti yake ilikuwa ya mwigizaji mweusi Lillian Randolph, na miaka ya 1960 wakaanza kuzibadilisha zile katuni kwa ajili ya TV, pahala pengine wakamchora mwanamke mweupe badala yake. Nilivyosoma hayo niliona tabu kidogo. Siwezi kusema hatukufurahi, tulifurahi, na siwezi kusema ile dharau haimo, imo. Bi Malapa wetu hakuwa yule waliyemchora wao. Lakini mtoto wangu nikimuonesha hizo siku moja ntamwambia, sitomwachia agundue peke yake kama mie.

Mwisho wa mwaka 2009, Disemba, umeme ulikatika Unguja nzima. Ile kebo ya chini ya bahari inayoleta umeme kutoka Bara iliharibika, na tulikaa kiza mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Kabla yake 2008 tulishakaa karibu mwezi, tukadhani ndio tumemaliza. Wasiokuwepo hawajui, majenereta Darajani yanaunguruma mchana kutwa, kuchaji simu kwa pesa, maji hamna kwasababu pampu hazina umeme, samaki wanauzwa bei ya kutupa kabla hawajaoza. Mie nilikuwa kijana mkubwa wakati huo. Watoto wadogo wa pale majumbani walikuwa wamezoea katuni zao na sasa TV ni sanduku jeusi, jioni wanazurura kwenye ngazi kama kuku.

Nikapita usiku mmoja nikasikia vicheko ngazini kwa Bi Mkubwa, yeye mwenyewe kashatangulia mbele ya haki miaka hiyo. Nikapanda. Mkalimani kakaa kwenye ngazi ya juu, koroboi pembeni, watoto kama kumi na tano mbele yake, anawasimulia Wacky Races. Zote, kwa mpangilio, na sauti za magari, na kicheko cha Muttley kile cha kupigia puani. Na wale watoto wamechagua magari! Kuna mmoja kachukua Dick Dastardly, masikini, nilitaka nimwambie. Nikakaa. Ikafika ile ya theluji, mie namjua mshindi, na Mkalimani akaniona nimekaa kule chini. Akabadilisha. Akampa ushindi Dick Dastardly. Yule mtoto aliruka mpaka karibu aangushe koroboi, na mie nikabaki mdomo wazi kwasababu kwenye zile 17 hakuna hata moja aliyoshinda.

Mie sasa nasomesha Kiingereza skuli ya msingi, wakati yeye mwenye uongo wake ni mtembeza watalii Mji Mkongwe, ana kitambulisho kabisa, zamani alikuwa papasi, wale wanaowafuata watalii njiani bila ya kitambulisho, na Kiingereza amekijua kweli, kwa watalii sio kwa katuni. Kuna kitu nimekichukua kwake nakitumia darasani. Nina vikatuni vyangu kwenye laptop, nazima sauti, nawaambia watoto haya wanasema nini hao? Kwanza kwa Kiswahili, watunge wanavyotaka, halafu ndio tunatafuta Kiingereza cha hicho walichotunga. Watoto ambao ukiwapa kitabu hawafungui mdomo muhula mzima wanasimama wanabishana, hapana titcha huyu kakasirika, huyu anadai pesa yake. Mwenzangu mmoja kaniuliza mbinu hiyo nimeisoma wapi. Nikamwambia Kikwajuni.

Siwezi kusema tumepoteza kitu kikubwa jamani, sipendi wale wanaosema utoto wetu ndio ulikuwa utoto. Nimeziangalia tena, nyingi ni dhaifu, nyengine hata nusu sijamaliza. Sasa hivi shangazi yangu wa Muscat ananipigia video, na kabla hajashika simu anakwenda kwanza kutafuta mtandio na wanja, utamuona Jane Jetson anavaa ule uso wa bandia wa asubuhi ili azungumze na mwenzake kwenye TV ya simu. Walichora hayo 1962 wakidhani ni mambo ya miaka mia ijayo. Ninachokikosa mie ni ile kutoweza kuchagua. Ikija Jetsons ile ile ya jana unakaa, kwasababu nazi ushaikuna.

Basi Ijumaa baada ya sala nikamchukua mtoto tukaenda Kikwajuni. Mkalimani bado anakaa nyumba ile ile, amenenepa, kigoda chenyewe kipo. Nikamwambia huyu hapa kaangalia Fred hakucheka. Akanitazama kama nimemletea mgonjwa. Akachukua simu, akaitegemeza kwenye gilasi ya chai, akazima sauti, akamkalisha mtoto kwenye mkeka na mie akanituma dukani, ati sukari imekwisha. Niliporudi mtoto amelala chali anacheka hana pumzi, na pale mlangoni kulikuwa na watoto wawili wa jirani wamesimama.

Jana usiku kaitaka tena. Tukaangalia mpaka mwisho, paka kamtoa Fred, Fred anagonga mlango, "Wilmaaa!" Nikataka kumfundisha kidogo, ndio ualimu huo, nikamwambia unaona, yule paka ndiye kafunga mlango, kamfungia nje.

"Siye paka baba," akasema, hata hakunitazama, macho kwenye simu. "Ami kasema hakuacha pesa ya sokoni."

Mke wangu alikuwa jikoni. Akasema, "Enhe."